NYUMBA TUPU INA MWENYEWE, LAKINI MBU WAKE NI WETU SOTE

Kila siku kabla ya kuanza kazi unavaa kofia ngumu, viatu vya usalama na miwani. Mkubwa wa kazi anauliza: Mashine imesimamishwa? Umeme umekatwa? Nani anashika funguo? Hakuna anayeona maswali hayo kuwa ya ajabu. Ni desturi ya kazi, nayo imeokoa watu wengi.

Jioni unarudi nyumbani, Panda au Kikula, Shituru au komini ya Likasi. Njiani unapita mbele ya nyumba isiyo na mtu. Mlango umepigiliwa ubao, au haupo tena. Majani yamefika dirishani. Malata mawili yamekwisha kwenda, na hakuna aliyeona yalikwenda na nani. Hapo huulizi tena nani anashika funguo. Unasema maneno mawili tu: «Si yangu.»

Ni kweli, si yako. Lakini mtoto wako anacheza pale. Mbu wa pale analala kwako. Moto ukiwaka pale, upepo hautauliza hati ya nyumba kabla ya kuvuka ukuta. Kwa hiyo mwezi huu ukurasa wetu wa usalama na afya unauliza swali ambalo watu wengi wanalikwepa: nyumba ikiwa tupu, nani ana wajibu wa kuitunza?

NYUMBA HIZI ZIMETOKA WAPI?

Wazee wanakumbuka wakati ambapo swali hili halikuwepo. Katika kambi za Union Minière, na baadaye za Gécamines, nyumba ilikuwa ya kampuni. Mfanyakazi alipewa nyumba pamoja na kazi. Alipomaliza kazi, alirudisha funguo, na mwingine akaingia. Lata likitoboka, kampuni ilitengeneza. Mfereji ukiziba, kampuni ilizibua. Wakaguzi walipita kutazama usafi, na mama wa nyumba alijua siku yao. Wengine hawakupenda kuchunguzwa hivyo, na walikuwa na sababu. Lakini jambo moja lilikuwa wazi: kila nyumba ilikuwa na mtu wa kuulizwa.

Kisha mambo yakageuka. Katika miaka ya 1990 kazi ilianguka na mishahara ikachelewa miezi mingi. Mwaka 2003 na 2004, kwa fedha za Benki ya Dunia, wafanyakazi 10,655 wa Gécamines waliacha kazi katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Nyumba nyingi za kambi ziliuzwa au kuachiwa wale waliokaa ndani yake. Mtu aliyepokea mshahara akawa mwenye nyumba, lakini mshahara wa kutengenezea nyumba hiyo haukuwepo tena. Wengine walibaki na kulima. Wengine walikwenda Lubumbashi, Kolwezi au kijijini. Wazee walikufa, na watoto wao hawajapatana juu ya urithi.

Jirani zetu wa Zambia waliijua njia hiyo pia. Kuanzia mwaka 1996 serikali yao iliuza nyumba za halmashauri na za migodi kwa watu waliokuwa wakikaa ndani. Familia nyingi zilipata paa lao wenyewe, na hilo ni jambo jema. Lakini siku mtu anapopokea funguo, anapokea pia mfereji, choo, ukuta na paa, vyote pamoja.

Tena kuna sababu nyingine ya nyumba tupu, na lazima tuiseme kwa heshima. Mwaka 1992, hapa Likasi, maelfu ya wakaaji wenye asili ya Kasai walifukuzwa makwao. Walingoja treni kwenye gare siku nyingi, wengine majuma na majuma, pamoja na watoto wao, na watu walikufa kwa kungoja huko. Nyuma yao nyumba zingine zilichomwa, zingine ziliporwa, zingine zikakaliwa na watu ambao hawakuzijenga wala kuzinunua. Mji wetu ulijifunza hapo jambo moja kwa uchungu: nyumba iliyo tupu si nyumba isiyo na mwenyewe. Mtu anaweza kuwa mbali bila kosa lake.

Kwa sababu hiyo tunapozungumza juu ya kutunza nyumba tupu, hatuzungumzi juu ya kuichukua. Shika neno hili tangu sasa: KUSAFISHA SI KUMILIKI, NA KUONDOKA SI KUACHILIWA WAJIBU.

HATARI NI ZIPI?

Tuzitazame moja moja, kama tunavyofanya kazini.

Ya kwanza ni maji yaliyosimama. Mbu wa malaria hutaga mayai majini. Katika joto letu la wakati wa mvua, kutoka yai mpaka mbu anayeruka ni kama siku 7 mpaka 14 tu. Ndoo iliyosahauliwa, tairi, pipa, choo kilichovunjika, shimo la matofali: vyote ni kitanda cha mbu. Naye mbu harudi nyuma kwa sababu ya ukuta wa lupango. Anaweza kuruka mita mia kadhaa, hata kilomita nzima na zaidi. Nyumba moja tupu inaweza kuleta homa katika avenyu nzima.

Unafikiri tunatia chumvi? Sikiliza yaliyotokea Marekani, nchi yenye mali nyingi. Mwaka 2007, katika wilaya ya Kern huko California, watu wengi walishindwa kulipa madeni ya nyumba zao. Wenye nyumba waliondoka, na mabwawa ya kuogelea yakabaki nyuma ya nyumba, maji yakawa ya kijani. Arifa za kushindwa kulipa ziliongezeka kwa asilimia 300. Katika muda huohuo wagonjwa wa virusi vya West Nile, vinavyochukuliwa na mbu, waliongezeka kwa asilimia 276. Wataalamu waliyaandika hayo mwaka 2008. Na ujue: virusi hivyo viligunduliwa kwanza Uganda, mwaka 1937, katika jimbo la West Nile, ndipo vilipata jina. Kule benki ilisema «bado si yangu», mwenye nyumba akasema «si yangu tena», na mbu akanywa damu ya wote wawili.

Hapa kwetu pia kuna nyumba kubwa za zamani zenye mabwawa ambayo hayaogelewi na mtu. Hatuna haja ya virusi kutoka mbali. Malaria yetu inatosha kutuzika.

Ya pili ni ukuta. Nyumba ya matofali mabichi inaishi chini ya kofia yake, nayo kofia ni paa. Mwizi akichukua malata mwezi wa 10, mvua ya mwezi wa 11 inapiga kichwa cha ukuta. Maji yanashuka ndani ya udongo, tofali linalainika, na mpaka mwezi wa 3 ukuta umeinama. Kwa nje unaonekana mzima. Mtoto anaegemea, mbuzi anajikuna, nao unaanguka. Ukuta ukianguka haupigi kelele kwanza.

Ya tatu ni shimo: kisima bila kifuniko na shimo la choo ambalo zege lake limeoza. Hapa wewe mchimbaji huhitaji mwalimu. Unajua hewa mbaya ni nini. Katika shimo la namna hiyo hewa safi inaweza kupungua, au hewa yenye sumu ikajaa chini. Mtu akianguka, wa pili anashuka kumsaidia, naye analala juu yake. Wa tatu anafuata. Wanazikwa wote kwa sababu ya mapendo yasiyo na akili. USISHUKE. Tupa kamba kwa aliye na nguvu ya kushika, ita watu, ita waokoaji wenye vyombo vya kupumulia.

Ya nne ni waya. Nyumba ikiporwa, waya wa umeme unabaki ukining'inia, na watu wanasema hauna moto kwa sababu nyumba haina taa. Huo ni uongo ambao umeua watu wengi. Kazini hugusi waya kabla ya kuhakikisha na kufunga kwa kufuli. Mtaani pia ni hivyo. Waonye watoto, weka miiba au mawe kuzunguka, waite watu wa SNEL.

Ya tano ni majani marefu, panya na nyoka. Panya huzaa katika takataka, na nyoka humfuata panya. Mtu akiumwa na nyoka, usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kukaza. Mlaze, mtulize, mkono au mguu ulioumwa usitikisike, mpeleke hospitali mara moja.

Ya sita ni paa la zamani la simenti yenye amianti. Kama paa ni la namna hiyo, usilivunje kwa nyundo, usilikate kwa msumeno. Vumbi lake likiingia mapafuni linakaa miaka mingi, na ugonjwa unakuja wakati umekwisha kusahau kosa. Wewe uliyefundishwa juu ya vumbi la mgodi, usilete vumbi lingine nyumbani.

Ya saba ni watu wenyewe. Nyumba bila macho inakuwa mahali pa kufichia vitu vya wizi na pa kuwatega wasichana wanaotoka kisimani. Tena inaweza kuficha shimo la kuchimba. Huko Kolwezi, katika kartie ya Kasulo, tangu mwaka 2014 watu walichimba kobalti chini ya nyumba zao, na vichuguu vilipita chini ya majirani waliokuwa wamelala. Nyumba isiyotazamwa na mtu ndiyo inayopendwa na kazi kama hiyo. Ukisikia sululu usiku ndani ya nyumba tupu, si mzimu.

SHERIA INASEMA NINI?

Watu wengi wanadhani sheria inalala pamoja na nyumba. Sivyo.

Kitabu cha tatu cha sheria za kiraia cha nchi yetu, cha tarehe 30 Julai 1888, bado kinatumika. Kifungu cha 262 kinasema wazi: mwenye jengo ana wajibu juu ya madhara yanayoletwa na kuanguka kwake, ikiwa limeanguka kwa kukosa matunzo au kwa ubaya wa ujenzi. Hakisemi «kama anakaa ndani». Hakisemi «kama yuko Likasi». Ukuta wako ukimvunja mtoto wa jirani mguu, na ilikuwa kwa sababu hukuutunza, ni juu yako, hata kama wewe uko Kinshasa.

Na kama mwenye nyumba amekufa? Sheria ya jamaa ya mwaka 1987 inasema kwamba pasipo wosia, mrithi mwenye umri mkubwa ndiye anayeshughulikia mali ya marehemu, au mwingine aliyechaguliwa na warithi ikiwa mkubwa amekataa. Kwa hiyo familia isiseme: «Tungali tunagombana, njoo mwakani.» Ugomvi wa urithi haukaushi maji ya kisima. Mpaka mali igawanywe, kuna mtu mmoja wa kuulizwa, na majirani wana haki ya kujua jina lake.

Na jirani aliyesafisha kwa hiari yake? Sheria hiyohiyo ya 1888 imemfikiria. Mtu akishughulikia jambo la mwingine kwa faida ya huyo mwingine, bila kuagizwa, mwenye mali anapaswa kumrudishia gharama za lazima na zenye faida. Lakini naye aliyeanza ana wajibu: afanye kwa uangalifu kama kwamba ni mali yake, wala asiache katikati mpaka mwenyewe aweze kushika. Ukifungua paa ili kutengeneza, usiliache wazi mvua inapokuja.

Ona basi: sheria haimpi jirani nyumba, wala haimwachi bila msaada. Inampa njia.

KILA MTU NA KAZI YAKE

Kazini ajali nyingi zinatoka katika maneno haya: «Nilifikiri mwenzangu atafanya.» Basi tugawane kazi, ili asiwepo mtu wa kufikiri hivyo.

Wewe mwenye nyumba unayeondoka. Usiondoke kama mtu anayetoka sokoni. Kabla ya safari fanya mambo matano. Moja: mwachie mtu mmoja funguo, na umpe karatasi iliyotiwa sahihi inayosema anaweza kutunza, lakini hawezi kuuza. Mbili: mpeleke kwa majirani wa kulia na wa kushoto, wamwone uso. Tatu: mwachie shefu wa kartie jina lake na namba ya simu. Nne: funika kisima, jaza mashimo, geuza mapipa, kata umeme kwa utaratibu. Tano: hati zako za nyumba zisibaki ndani ya nyumba. Kisha kila mwaka, kabla ya mvua, tuma kitu kidogo kwa ajili ya paa. Malata mawili mwezi wa 9 ni bei ndogo kuliko ukuta mzima mwezi wa 4.

Wewe unayeshika funguo, ndugu wa familia au zamu. Kazi yako si kulala mlangoni tu. Tembea lupango lote mara moja kwa juma. Kwa nini juma? Kwa sababu mbu anahitaji siku 7 au zaidi. Ukimwaga maji kila juma, hapati muda wa kuruka. Andika unachokiona. Na wewe mwenye nyumba, kumbuka kwamba zamu asiyelipwa miezi sita ataanza kula mlango, kisha dirisha. Usishangae.

Ninyi majirani. Chagueni watu watatu au wanne wa avenyu, na mmoja awe mama, maana akina mama ndio wanaojua ni wapi watoto wanapita. Wanunue kitabu kimoja cha shule. Kila nyumba tupu iwe na ukurasa wake: ni nyumba namba gani, mwenyewe ni nani, nani anashika funguo, hatari gani ilionekana, siku gani, nani alipewa habari. Hiki ni kitabu kama kile cha zamu mgodini: anayeingia anasoma alichoacha anayetoka.

Mtakapoingia kusafisha, msiingie mmoja mmoja. Ingieni mchana, watu wengi pamoja, shefu wa kartie akijua, na mwenye funguo akiwapo ikiwa anajulikana. Msiguse kilicho ndani ya nyumba. Kazi yenu ni majani, maji, takataka na mashimo. Mkinunua ubao wa kufunika kisima, wekeni karatasi ya duka ndani ya kitabu. Siku mwenye nyumba atakaporudi, mtamwonyesha. Msichukue lata «la kulipia jasho». Lata moja likitoka kwa mkono wa jirani, ya pili itatoka kwa mkono wa mwizi, na hamtakuwa na mdomo wa kumkataza.

Watu wengine watauliza: na maembe? Mwembe wa nyumba tupu unazaa bila kungoja hati. Patana na mwenye funguo, watoto wa avenyu wale. Lakini mwembe usikatwe kuni.

Wewe shefu wa kartie, na ninyi wa komini. Majirani wanaweza kukata majani. Hawawezi kubomoa ukuta wa mtu wala kumwita mbele ya mamlaka. Hiyo ni kazi yenu. Mtu akileta habari kwa maandishi, apewe nakala yenye tarehe na muhuri. Ukuta ulioinama uzungushiwe kamba, mwenyewe aandikiwe. Na mtu akija na kusema «nyumba hii haina mwenyewe, nipeni mimi», kumbukeni mwaka 1992. Hati za nyumba zinatafutwa katika ofisi ya mhifadhi wa hati za ardhi, si katika mdomo wa anayezitamani.

Zamani, katika miaka ya 1970, tulikuwa na salongo. Watu walitolewa nyumbani kwa nguvu, na wengine wanalichukia neno hilo mpaka leo. Hatuombi irudi. Mtu anayelima majani kwa hofu ya polisi anaacha mara polisi anapogeuka. Anayelima kwa sababu mtoto wake amepona malaria juzi, huyo haachi.

BWAWA NA KISIMA: FANYA HIVI

Watu wa avenyu nyingi wanauliza juu ya mashimo makubwa ya maji. Tufuate utaratibu.

Kama ni bwawa la kuogelea ambalo halina kazi tena, mwenyewe akikubali, likaushwe na litobolewe chini ili mvua isikae. Bila kutobolewa litajaa tena kwa mvua ya kwanza.

Kama haliwezi kukaushwa, wako wafanyakazi wadogo wasiodai mshahara: samaki. Huko Kisii, magharibi ya Kenya, watafiti walitia tilapia katika mabwawa ya samaki yaliyoachwa na wenyewe. Baada ya majuma 15, viluwiluwi vya mbu wa malaria vilipungua kwa zaidi ya asilimia 94. Waliandika hayo mwaka 2007. Samaki ni wa kula pia. Lakini zungushieni ua, maana samaki hamzuii mtoto kuzama.

Usimwage mafuta machafu ya motokari. Yanashuka ardhini, na kesho utayanywa kwa kisima chako.

Kisima kisichotumiwa kifunikwe kwa zege au kwa mbao nene zilizofungwa, si kwa lata lililooza. Lata lililooza juu ya shimo ni mtego, maana mtoto anadhani ni pa kukanyaga.

Ukuta ulioinama usisukumwe ili kuona kama una nguvu. Pima kwa macho urefu wake, kisha watu wakae mbali kuliko urefu huo. Usiweke soko dogo la mkaa chini yake, hata kama kuna kivuli kizuri.

NA KAMA MWENYEWE HAJULIKANI?

Hili ndilo swali gumu, nasi hatulikimbii. Tuseme kuna nyumba kwenye kona ya avenyu yenu. Mzee aliyekaa pale alikufa zamani. Mmoja anasema mwanawe yuko Kolwezi. Mwingine anasema iliuzwa. Wa tatu ana karatasi ambayo hapendi kuionyesha. Miaka inapita, na kila mtu anaogopa kugusa, asije akaambiwa anataka kuiba. Hivi ndivyo hofu ya kuitwa mwizi inavyotunza mbu.

Ninyi fanyeni mambo mawili tofauti, wala msiyachanganye. Jambo la kwanza ni hatari: hilo halingoji. Leo funikeni kisima, mwageni maji, fyekeni majani, mbele ya mashahidi, na kuandika kitabuni. Jambo la pili ni umiliki: hilo lina ofisi zake na mahakama yake, na linaweza kuchukua miaka. Mwache mwenye karatasi aipeleke huko.

Mkiyatenganisha haya mawili, mwana wa Kolwezi akirudi baada ya miaka kumi atakuta nini? Atakuta ukuta umesimama, kisima kimefunikwa, kitabu chenye majina na tarehe, na majirani wanaoweza kumtazama usoni. Atakuwa na deni dogo la mbao na jasho. Atalipa, au hatalipa. Lakini katika miaka hiyo kumi hakuna mtoto wa avenyu aliyezama pale, na hilo ndilo mlilolifanyia kazi.

Mkiyachanganya, atakuta shamba la majani na kesi tatu mahakamani. Na majirani watakuwa wamekwenda makaburini mara kadhaa bila kujua kwamba sababu ilikuwa hapo kwenye kona.

JUMA HILI

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa nyumba, hatuwaombi kutengeneza mji wote. Jumamosi hii tembea avenyu yako kutoka mwanzo mpaka mwisho. Hesabu nyumba zisizo na watu. Kwa kila moja uliza swali lilelile unaloulizwa kila asubuhi kazini: Nani anashika funguo? Kama hakuna anayejua, umekwisha kupata kazi ya kwanza ya kamati yenu.

Kisha kata ukurasa huu, uubandike nyuma ya mlango:

1. Nyumba tupu ina mwenyewe. Usiichukue, usiipunguze.
2. Mwenye nyumba yu mbali, wajibu wake uko hapa.
3. Maji yaliyosimama: mwaga kila juma.
4. Shimo: funika. Mtu akianguka, usishuke.
5. Waya unaoning'inia: una moto mpaka fundi athibitishe.
6. Ukuta ulioinama: kaa mbali kuliko urefu wake.
7. Andika kila jambo, na tarehe yake.
8. Hatari haingoji hati. Hati zisingoje milele.

Salama kazini, salama nyumbani, salama na katika lupango la jirani asiyekuwapo.